Marehemu Hajibu Dodoso

Tunapokisoma kitabu cha Cornelius Ryan, The Longest Day (1959), mwisho tunaujua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza: tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Washirika yaliingia Normandy, Ufaransa. Sasa kinachotushika ni nini? Wapo watakaosema ni fani, yaani taharuki. Mimi naona ni maudhui. Jenerali ana ramani. Askari wa miamvuli ana kidude chenye kulia kama nyenje. Anakiliza mara moja gizani, anasubiri kujibiwa mara mbili. Asipojibiwa je? Sisi tunajua siku itaishaje. Yeye hajui hata nani yuko nyuma ya kichaka.

Hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye kasoro. Ryan alikusanya habari kwa kuwahoji walioshiriki na kuwapelekea dodoso. Marehemu hajibu dodoso. Kwa hiyo, jamani, ujasiri tunaousifu umesimuliwa zaidi na waliorudi nyumbani. Kitabu tukisome, tena tukifurahie, lakini kila kidude kinapolia tumkumbuke na yule ambaye hakupata wa kumjibu.