Pongezi kwa Mafundi wa Land Rover Kuukuu

Ikiwa wako watu Umatengo, kusini mwa Tanzania, wanaostahiki sifa zaidi ya wanazopewa, basi ni mafundi ambao, uani mwa nyumba zao, tangu Mbinga hata Namswea, huifufua Land Rover iliyokwisha kukatiwa tamaa: hushusha injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye magogo, wakakagua gia boksi na difu, kisha wakachomelea chesisi ya chuma iliyoliwa na kutu, maana bodi, kwa kuwa ni ya alumini, aghalabu husalimika. Gari hiyo ilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948, na usahili wa umbo lake ni neema kwa fundi mwenye spana chache na subira nyingi. Masika, njia za udongo zinapoteleza, ustadi huu ni amana ya wasafiri. Wazazi, wapelekeni vijana kwa mafundi hawa wakajifunze.