Baa za Kamalondo na gita iliyonyamaza

Siku ya 14 Desemba 2021, Unesco iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Kinshasa walishangilia, Brazzaville walishangilia, nasi wa Lubumbashi tulishangilia pamoja nao. Rumba ni yetu vilevile. Tumeicheza katika arusi zetu na wakati wa kumaliza matanga. Lakini tangu siku ile twajiuliza neno moja, nalo ndilo tunalotaka kulichungua leo. Watu wakisema «muziki wa Kongo», je, wanahesabu pia muziki ule uliokua katika baa za kwetu Katanga? Ao wametia vyote katika kikapu kimoja na kuandika juu yake jina la Kinshasa?

Ili kujibu, twende Kamalondo.

Kamalondo ni komini ndogo, ya zamani, karibu na katikati ya mji. Wakati wa Wabelgiji iliitwa komini Albert. Mji wenyewe, Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uleule reli ikafika kutoka kusini, toka Rhodesia. Wakubwa wa mji waliacha uwanja mtupu kati ya nyumba za wazungu na nyumba za weusi, kwa makusudi, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea upande wa pili. Wenyeji wa site walitoka pande zote: Kasai, Luapula, nchi ya Wasanga na ya Waluba, hata Rwanda. Kila mmoja alikuwa na lugha yake na ngoma yake. Kazini walisikilizana kwa Kiswahili. Na baada ya kazi walihitaji mahali pa kukaa. Mahali hapo palikuwa baa.

Tusiisifu baa ile kupita kiasi. Sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali na divai mpaka miaka ya 1950. Aliachiwa bia, tena kwa masharti. Mwanamke aliyekaa peke yake mjini alitozwa kodi kwa sababu tu hakuwa na mume, na huyo ndiye mara nyingi aliyeonekana baani, akasemwa vibaya na wote, hata na waimbaji waliokula jasho lake. Nyuma ya nyumba watu walipika lutuku kwa siri, na polisi walikuja kumwaga. Aliyetaka kitu kitamu kisicholevya sana alikunywa munkoyo. Mwenye franga mfukoni alikunywa Simba, bia ya hapa kwetu, ao Tembo, ile nyeusi. Majina haya mawili yangali mezani hata leo, na michopo ya mbuzi ingali inanukia mlangoni jioni. Kwa upande wa tumbo, basi, Kamalondo haikubadilika sana. Mabadiliko yako upande wa masikio.

Muziki wa Kinshasa ulitazama baharini. Sahani za Kuba zilishuka kwa meli, na wapigaji wa kule wakazisikiliza usiku na mchana mpaka wakazifanya zao. Muziki wa Elisabethville ulitazama kusini, kwa sababu ya reli. Sahani zetu nyingi zilitoka Afrika ya Kusini, na waimbaji wetu walirekodiwa na kampuni ya huko, Gallotone. Katika komini Kenya (msomaji wa mbali asichanganye na nchi ya Kenya, hii ni komini ya Lubumbashi, jirani ya Kamalondo) vijana walianzisha kundi la Jecoke, la nyimbo, dansi na vichekesho, na ndani yake mtu anasikia zaidi Johannesburg na Bulawayo kuliko Havana. Ndiyo sababu twasema kwamba kuuita muziki huu «tawi la rumba» ni kosa. Ni mti mwingine uliopandwa katika shamba moja na rumba.

Aliye mkubwa wa mti huu ni Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Hakuwa mtoto wa Kamalondo: alizaliwa mwaka 1930, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22. Wimbo «Masanga» ulitoka katika siku zile. Msomaji akiupata, ausikilize mara tatu. Mara ya kwanza atafikiri kuna wapigaji wawili. Mara ya pili atatambua kwamba ni mmoja: kidole gumba kinashika nyuzi nene chini, na kidole cha shahada kinacheza juu, kila kimoja kwa mwendo wake, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mara ya tatu atasikia kwamba mwendo wa juu haurudii vilevile. Mwenda anaubadilisha kidogo kidogo, na asiye makini hataona. Mwalimu David Rycroft aliandika uchunguzi mrefu juu ya mapigo haya mwanzoni mwa miaka ya 1960, akayatia katika alama za muziki. Tangu hapo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza «Masanga» kwa karatasi.

Edouard Masengo, ndugu yake, ni mtu wa namna nyingine. Gita yake ni nyepesi kuliko ya Mwenda; mtu hawezi kuikalia kimya saa nzima na kuishangaa. Lakini sauti yake ina joto, na pembeni kuna mtu anayegonga chupa, ting-ting-ting, mwendo ambao mguu haukatai. Kwa maoni yetu, Mwenda ni wa kusikilizwa, Masengo ni wa baa. Losta Abelo yuko kati yao, naye hupewa nafasi ndogo kuliko anayostahili.

Wote hawa waliimba kwa Kiswahili, pamoja na lugha za kwao, na Kiswahili hicho kiliwafungulia njia ya mashariki. Masengo alikwenda Nairobi, akatangaza Coca-Cola kwa gita yake. Mwenda alikwenda mwaka 1959, akatangaza dawa ya Aspro. Vijana wa Kenya walijifunza vidole vyao kwao. Twataja matangazo haya kwa sababu leo wazee wanapenda kuwakemea waimbaji wa Kinshasa kwa ajili ya «mabanga», yaani kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo ili kulipwa. Nasi hatupendi mabanga. Wimbo wenye majina arubaini si wimbo tena, ni daftari la madeni. Lakini tusijidanganye kwamba wazee wetu waliimba bure. Tofauti ni hii: Masengo alipouza Coca-Cola, wimbo ulibaki wimbo.

Basi, gita hii ilikwendaje mpaka ikanyamaza? Watu wengi hujibu haraka: umeme, orkestra kubwa, Kinshasa. Ni kweli kwa sehemu. Gita kavu inayopigwa kwa vidole viwili haiwezi kushindana na gita tatu za umeme na tarumbeta. Walioijua orkestra nao hawakukaa. Baba Gaston, mzaliwa wa Lubumbashi, alihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Nairobi, na watu waliotoka katika kundi lake ndio walioanzisha Les Mangelepa mwaka 1976. Orchestra Maquis nayo ilitoka upande wetu ikaenda Dar es Salaam. Tshala Muana, aliyezaliwa hapa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2022, alilazimika kwenda Kinshasa ili ajulikane. Mji uliolea waimbaji wa nchi tatu ulibaki na viti.

Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni mshahara. Baa ya Kamalondo ilisimama juu ya mshahara wa Union Minière, kisha wa Gécamines. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu na maelfu. Pamoja nao waliondoka wanywaji, wachezaji, wapigaji, majirani. Jambo hilo halisemwi sana wakati wa kuzungumzia muziki, nasi twaona lazima lisemwe: komini iliyoishi kwa kuchanganya watu ilinyang'anywa sehemu ya watu wake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa «kuondoka kwa hiari». Mtu asiye na mshahara hamlipi mpiga gita. Baadaye migodi ilipata wenyewe wapya na fedha ikarudi mjini, lakini ikapita mbali na Kamalondo. Ilikwenda katika mahoteli na katika vilabu vya mjini.

Leo ukitembea Kamalondo jioni, kelele haikosekani. Uwanja wa TP Mazembe uko humuhumu, timu iliyoanzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939; siku ya mchezo baa zote hujaa, na furaha ile ni ya kweli. Siku nyingine kila baa inafungua vipaza-sauti vyake kumshinda jirani. Nyimbo ni zilezile za Kinshasa ao za Nigeria. Mtaa unaofuata, ukumbi wa kunywea umekuwa ukumbi wa sala, nao una vipaza-sauti vyake pia. Hatuwalaumu vijana kwa kupenda muziki wa siku zao. Baba zao walifanya vilevile. Tunalolaumu ni namna ya kusikiliza. Baa ya zamani, pamoja na ubaya wake wote, iliruhusu mtu kusikia maneno. Mtu aliimba juu ya deni, juu ya mke aliyeondoka, juu ya safari, na meza ya pembeni ikamjibu. Leo meza ya pembeni haisikii hata jirani yake akiagiza bia.

Wako wanaosema: mambo hayo yamekufa, yaache. Twajibu kwamba hayakufa. John Low, mpiga gita Mwingereza, alikuja Shaba mwaka 1979 kuwatafuta wazee hawa, akawakuta hai, akajifunza kwao, akaandika kitabu. Mwenda alirekodi tena Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kufa, na vidole vilikuwa vingali vyake. Masengo aliishi mpaka mwaka 2003. Kwa miaka mingi walikaa katikati yetu, na mgeni alipanda ndege kuja kuwasikiliza wakati sisi tulipita mlangoni. Wachoraji wetu wamepata bahati kuliko wapiga gita: Biennale ya Lubumbashi, iliyoanza mwaka 2008, imewapa picha ukuta na watazamaji. Gita haikupata kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo hatuombi makumbusho yenye kioo. Twaomba kwanza baa moja ya Kamalondo, jioni moja katika juma, izime vipaza-sauti na kumlipa kijana mwenye gita na mwenzake mwenye chupa. Wale wanaoandika faili za urithi huko Kinshasa nao twawaomba wasitutie katika rumba kwa kutuonea huruma. Orodha ya Unesco hupokea faili mpya kila mwaka, na vidole viwili vya Katanga vinastahili faili yao wenyewe, iliyoandikwa hapa Lubumbashi, wakati bado wako wazee wanaokumbuka nani alipiga wapi, na meza zilikaa namna gani.