Musashi: Kitabu cha Panga Kilichonikeshesha

Vijana wawili wamelala katikati ya maiti. Ni Oktoba 1600, bonde la Sekigahara, na vita vilivyoamua nani ataitawala Japani vimeanza asubuhi na kwisha kabla jua halijazama. Takezo na Matahachi, marafiki wa kijiji kimoja, walitoka nyumbani wakiota sifa na vyeo, wakaangukia upande ulioshindwa. Sasa farasi wa washindi wanapita karibu na vichwa vyao, na kila mmoja anamwita mwenzake kwa sauti ya chini kujua kama yu hai. Hizo ni kurasa za kwanza tu za Musashi, riwaya ya Eiji Yoshikawa, na nilipofika hapo nilijua kwamba shughuli zangu nyingine zote zitangoja.

Nimeimaliza! Ni kurasa zaidi ya 900 katika tafsiri ya Kiingereza ya Charles S. Terry iliyotoka mwaka 1981, na laiti zingekuwepo nyingine 900 ningekuwa nazisoma sasa hivi badala ya kuandika. Lakini siwezi kunyamaza. Kila ninayekutana naye namsimulia, na waliobaki ni ninyi.

Mjue mapema kwamba Takezo hapendezi hata kidogo mwanzoni. Ana nguvu za kutisha, hasira za haraka na hana subira na mtu. Anarudi kijijini Miyamoto kumwambia mama yake Matahachi kwamba mwanawe hakufa, na badala ya kushukuriwa anageuzwa mhalifu na kusakwa milimani. Anaua wanaomfuata. Askari wa bwana wa jimbo wanahangaika siku nenda siku rudi, hawamshiki. Ndipo anajitokeza Takuan, mtawa wa Zen, mcheshi, mchafu wa nguo, hana hata kisu, anasema atamleta yeye. Anapanda mlimani na Otsu, msichana ambaye Matahachi alimchumbia kisha akamtelekeza kwa ajili ya mwanamke mwingine. Wanabeba chungu. Wanawasha moto, wanapika, wanakula, wanangoja. Usiku Otsu anapuliza filimbi yake, na yule aliyewashinda askari wote anajitokeza mwenyewe kutoka gizani, machozi yakimtoka.

Niliirudia sura hiyo papo hapo, kabla ya kufungua inayofuata.

Msidhani mtawa huyu ni mpole. Anamfunga Takezo kamba na kumning'iniza juu kwenye mwerezi mrefu wa hekalu, apigwe na upepo na mvua, huku akimsema kutoka chini bila huruma mpaka kijana aanze, kwa mara ya kwanza, kutamani kuishi. Baadaye anamfungia katika chumba kilichojaa vitabu ndani ya ngome ya Himeji, ile ngome nyeupe ambayo ipo mpaka leo. Miaka mitatu! Aliyeingia humo alijua kupiga tu. Anayetoka ni Miyamoto Musashi, na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona Yoshikawa anafanya nini, na sijawahi kukutana na riwaya ya vita iliyothubutu hivi. Panga zimejaa humu, damu imejaa, lakini wanaomshinda Musashi kweli kweli, wanaomwacha amekaa chini akijiuliza yeye ni nani, karibu wote hawana upanga mkononi.

Chukueni lile ua la peoni. Mzee Sekishusai wa ukoo wa Yagyu, bingwa aliyejitenga na dunia, hataki kuonana na vijana wanaokuja kumpima. Anamtumia mmoja wao, Denshichiro wa ukoo wa Yoshioka wenye shule ya upanga, ua moja kama salamu. Denshichiro haoni chochote, ni ua tu. Ua linaishia mikononi mwa Musashi katika nyumba ya wageni. Anatazama mahali shina lilipokatwa. Anatulia. Anatoa upanga wake, anakata shina hilo hilo upande wa pili, analinganisha mikato miwili, na anajua kuna mtu karibu hapo ambaye mkono wake umeuacha wa Musashi mbali sana. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeumia, na mimi nilikuwa nimeshikilia kitabu kwa mikono miwili, roho juu.

Au usiku wa theluji mjini Kyoto, ambao kwangu ndio kilele cha kitabu kizima. Musashi anatoka kwenye karamu katika jumba la starehe, anakwenda kupigana na yule yule Denshichiro, anamuua, anarudi kuketi na wenzake. Wengine wanalala. Yeye amekaa wima, masikio yote nje, akijua wafuasi wa Yoshioka wamelizunguka jumba. Mwenyeji wake ni Yoshino, mwanamke mashuhuri kuliko wote wa jumba lile. Anamtazama mgeni wake, kisha anachukua biwa yake ya thamani, ala ya nyuzi aliyokuwa ameipiga muda mfupi uliopita, na kuipasua kwa kisu mbele ya macho yake. Anamwonyesha kipande cha mti kilichomo ndani ya tumbo la ala. Sauti zote tamu alizozisikia zinatokana na namna mti ule unavyokaza mahali fulani na kulegea mahali pengine. Ungekazwa wote, nyuzi zingekatika. Na wewe, anamwambia, umekazwa mwili mzima, pigo dogo tu litakuvunja. Huyu ni mtu ambaye Kyoto nzima inamwogopa, naye anaambiwa hivyo na mwanamke mwenye kisu kidogo na vipande vya kuni, na hana jibu.

Kuna mengine ya namna hiyo, na sitaki kuwamalizia. Siku alizokaa na Hon'ami Koetsu, msanii aliyeishi kweli zama hizo, akishika bakuli la chai na kushangaa jinsi vidole vya mfinyanzi vilivyoukata udongo. Au kule Hotengahara, nyika tupu mashariki mwa nchi, anapoweka upanga kando na kushika jembe pamoja na mtoto yatima, Iori. Mto unafurika na kusomba kila alichojenga. Anajenga tena, unasomba tena. Wanakijiji wanamcheka. Mpaka anapotambua kwamba amekuwa akijaribu kuyaamrisha maji na udongo badala ya kuvitumikia, na kutoka hapo anaanza kufikiri upya juu ya mtu anayetaka kuwatawala wenzake. Katika nchi ya makabaila na mashujaa wao, shujaa wa kitabu anafundishwa utawala na tope!

Nadhani Yoshikawa aliweza kuandika mambo haya kwa sababu aliyajua kwa mikono yake. Alizaliwa mwaka 1892, baba yake akafilisika, akatolewa shule akiwa mtoto. Alifanya kazi bandarini Yokohama na nusura afe kwa ajali huko, kisha akajifunza kazi katika karakana ya Tokyo ya vyombo vinavyopakwa laki na kupambwa kwa dhahabu. Mtu aliyekaa karakanani anajua kwamba fundi anaheshimika kwa mkono wake kabla ya ukoo wake, na kila fundi anayepita katika riwaya hii, seremala, mfinyanzi, mnoa panga, amepewa heshima hiyo.

Na kasi yake! Musashi ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi Shimbun kuanzia 1935 hadi 1939, na kama ulikua ukisubiri hadithi ya gazetini iliyokatwa mtu akiwa na mguu mmoja hewani, utajua mara moja umo mikononi mwa nani. Sura ni fupi, na karibu kila moja inaishia mlango ukifunguliwa. Unajiambia moja tu nilale. Hulali.

Watu wake sasa. Matahachi, yule rafiki, ndiye aliyenitia uchungu kuliko wote. Ni mvivu, mwoga, mwongo, na kila mara anaapa kesho atabadilika. Anaokota hati aliyokuwa nayo mpiganaji aliyekufa na kuanza kutembea na jina lililomo humo, Sasaki Kojiro, akila na kunywa kwa sifa za mwingine. Kumbe mwenye jina yu hai, na siku moja wanakutana. Mama yake Matahachi, bibi Osugi, ni mzee aliyefunga upanga mfupi kiunoni akaapa kumuua Musashi na Otsu kwa kuiaibisha familia yake, na anawafuata nchi nzima kwa miaka, akidanganya, akitukana, akisali. Nilimchukia mpaka nikaanza kumngojea. Kurasa zisizo na Osugi nilizisoma huku nikijiuliza yuko wapi.

Kuna madoa, na nitayataja haraka. Watu hukutana kwa bahati mno, utadhani Japani nzima ina barabara moja na nyumba ya wageni moja. Na Otsu, aliyeanza na ujasiri wa kukata kamba za mtu aliyehukumiwa kufa, anaachiwa sura nyingi mno za kulia na kuugua njiani. Alistahili zaidi. Bado nasema hivyo kwa hasira, na hasira hiyo inatokana na kumpenda.

Nyuma yao wote kuna nchi inayogeuka. Tokugawa Ieyasu ameshinda Sekigahara, mwaka 1603 anakuwa shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, lakini Osaka bado iko mikononi mwa ukoo wa Toyotomi uliotawala kabla yake, na kila mtu ananong'ona kwamba vita vitarudi. Mabwana walioshindwa wamenyang'anywa ardhi, na maelfu ya mashujaa wao wanazurura bila bwana, bila mshahara, wakiwa na upanga na njaa. Edo, mji utakaokuja kuwa Tokyo, ni vumbi, mbao, mashimo na wafanyabiashara wa farasi. Shule za upanga zinazoishi kwa jina la baba zinaanza kuporomoka, na hiyo ndiyo maana ya ugomvi na Yoshioka. Unaelewa ukabaila kwa kuwaona watu wakiubeba mgongoni.

Ugomvi huo unafikia pambano la Ichijoji, alfajiri, chini ya msonobari mkubwa: Musashi peke yake dhidi ya makumi ya watu. Nimesoma mapambano mengi vitabuni, sijasoma kama hili. Katikati ya vurugu anakuta panga mbili mikononi bila kukumbuka aliuchomoa wa pili lini. Lakini kiongozi wa jina wa upande wa pili ni mtoto, aliyewekwa pale kwa ajili ya heshima ya ukoo, na Musashi anamuua. Yoshikawa haangalii pembeni. Watawa wa Mlima Hiei wanamfukuza Musashi kwa damu hiyo, na msomaji naye analazimika kuamua bado anamfuata shujaa huyu kwa moyo gani. Mimi nilikiweka kitabu chini kidogo hapo. Kisha nikakichukua.

Otsu, Osugi na Matahachi ni watu wa kubuni, lakini Musashi aliishi. Anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1584, alifariki 1645, na mwishoni mwa maisha yake aliandika Kitabu cha Pete Tano huko Kumamoto, anamodai kupigana zaidi ya mara 60 bila kushindwa. Kojiro naye aliishi. Humu ni kijana mrembo, mavazi ya rangi, upanga mrefu mgongoni alioupa jina la Ufito wa Kuanikia, na kipaji kinachotisha. Kila anachokipata Musashi kwa jasho, huyu alizaliwa nacho. Kitabu kizima kinawasogeza wawili hawa kuelekea kisiwa kidogo cha Funashima, mwaka 1612, Musashi akichelewa, akiwa ndani ya mtumbwi anachonga upanga wa mti kutoka kwenye kasia. Zaidi ya hapo sisemi neno!

Ushauri wangu ni mmoja tu: majina yasiwatishe. Andikeni orodha kwenye karatasi kwa sura chache za mwanzo, halafu mtaitupa. Tafuteni chapa yenye kitabu chote pamoja ili msije kukwama usiku wa manane bila juzuu inayofuata. Na mkimaliza, kuna Taiko, riwaya nyingine ya Yoshikawa, inayomhusu Hideyoshi, mtoto wa kijijini aliyepanda mpaka kuitawala Japani kabla ya Sekigahara. Nimeshaifungua. Niko ukurasa wa 40, na Hideyoshi bado ni mtoto mkorofi anayefukuzwa kila anapotumwa kufanya kazi.