Ndoana za Migebuka

Migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa hata bila chambo. Mvuvi hushusha mshipi wenye ndoana ndogo nyingi, kila moja ikiwa na unyoya mweupe uliofungwa shingoni. Unyoya ukicheza majini, mgebuka hudhani ni dagaa. Baharini nako wapo wanaorambaza jodari na nguru kwa manyoya, au kwa nyuzi za kamba ya nailoni iliyochambuliwa. Maji ni mengine, lakini ufungaji ni uleule na ncha ni ileile.

Hapa Isevya, mjini Tabora, jirani yangu mzaliwa wa Ujiji hufunga ndoana hizo barazani kwake, kisha huwapelekea wapwa zake wa Kibirizi kwa treni, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Napenda kukaa nikamtazama. Manyoya ni mazuri, ila macho yangu huganda kwenye mikono yake.

Huibana ndoana kwa koleo, mdomo wa koleo ukiufunika mpindo pamoja na ncha. Kinachobaki nje ni mti wa ndoana na tundu lake. Uzi huuvuta kuelekea upande wa tundu, kamwe si upande wa ncha. Uzi hukatika, hakuna fundi asiyelijua hilo. Ukikatika, mkono wake hurukia hewa tupu. Ajali ameshaipangia pa kwenda kabla haijatokea, na kwangu huo ndio ufundi wenyewe.

Ukali haujaribu kwa kidole. Huigusisha ncha kwenye ukucha wa gumba: ikiteleza, inahitaji tupa, ikinasa, yatosha. Wapo wanaozibana ndoana midomoni kama mshonaji na pini zake. Yeye hataki hata kuliona hilo. Zake huzichomeka kwenye soli ya kandambili kuukuu, zikiwa zimehesabiwa. Hesabu isipotimia jioni, mkeka hukung'utwa, na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu hupitishwa sakafuni. Mpaka ndoana ipatikane, hakuna wa kukanyaga pale peku.

Mjukuu akija na "Shikamoo, babu", mzee huweka koleo chini kwanza, ndipo aitikie "Marahaba".

Anajua pia kwamba kile kijino cha nyuma ya ncha kikizama mwilini, kuvuta kwa nguvu ni kuchana nyama. Ndoana iliyozama sana, au iliyo karibu na jicho, haiguswi nyumbani. Safari ni hospitali ya Kitete. Na hata kidonda kidogo hakimwondolei mtu haja ya kuulizia sindano ya pepopunda.

Kazi ikiisha, huuzungusha mshipi kwenye kibao, akizichomeka ndoana pembeni mwake kwa mpangilio, ncha zote zikiwa zimezama kwenye soli iliyobandikwa hapo. Hapo hana haraka hata kidogo. Kibao hicho kitafunguliwa na kijana aliye mtumbwini, gizani, mawimbi yakimyumbisha, naye atazichomoa moja moja kwa kupapasa.