Ukuta wa Herufi: Maktaba ya Iskandaria na Madai Yake

Maktaba mpya ya Iskandaria, iliyofunguliwa rasmi mwezi wa Oktoba 2002 katika ufuko wa Bandari ya Mashariki ya mji huo, imekwisha kusifiwa sana, na nyingi katika sifa hizo ni za haki. Walakini wengi wa walioisifu waliitazama kwa jicho la mwashi au la msafiri. Ni wachache waliolitazama jengo hilo kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni lugha, ingawa lenyewe, kwa ukuta wake mashuhuri, lataka lihukumiwe kwa jicho hilo hasa.

Habari za asili yake zaweza kuelezwa kwa ufupi. Maktaba ya kale, iliyoanzishwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy yapata karne ya tatu kabla ya Kristo, haikuwa nyumba ya vitabu peke yake. Iliungana na Mouseion, yaani mahali pa miungu wa kike walezi wa elimu na sanaa, ambapo wataalamu walitunzwa kwa mali ya mfalme wapate kusoma na kubishana. Kutokana na jina hilo lugha za Ulaya zimepata neno lao la nyumba ya makumbusho. Yafaa ikumbukwe kwamba katika hadithi za Kiyunani mama wa miungu hao alikuwa Kumbukumbu mwenyewe. Basi Kiswahili, kilipochagua neno litokanalo na kitenzi kukumbuka, kiliufikia ukoo ule ule kwa njia yake. Jengo jipya limerudisha udugu huo wa zamani: chini ya paa moja mna maktaba, makumbusho ya vitu vya kale, makumbusho ya miswada, na mengineyo.

Shindano la kutafuta ramani lilifanywa mwaka 1989, chini ya ulezi wa UNESCO pamoja na serikali ya Misri, na ramani zaidi ya 500 zililetwa. Walioshinda ni kundi la wasanifu wa majengo waitwao Snøhetta, wa Norway, ambao wakati huo hawakuwa na sifa yo yote kubwa. Ujenzi ulianza mwaka 1995. Umbo walilolichora ni duara kubwa lenye upana wa mita 160, lililoinamishwa kama sahani iliyoegemezwa: upande wa kaskazini wazama ardhini kuelekea bahari, na upande wa kusini wainuka juu kuelekea mji na Chuo Kikuu. Sehemu ya jengo i chini ya usawa wa maji ya bahari, na ndiyo sababu msingi wake ulilazimika kuzungushiwa ukuta imara wa zege kabla ya lo lote jingine kufanywa.

Yaliyo mazuri yasemwe kwanza, na zuri kuliko yote ni ukumbi wa kusomea. Watu wapatao 2,000 waweza kukaa humo kwa wakati mmoja, katika sakafu zinazoshuka ngazi kwa ngazi mfano wa mashamba ya mlimani, chini ya paa moja lisilokatwa na ukuta. Nguzo ni ndefu na nyembamba. Mwangaza waingia kutoka kaskazini kwa madirisha ya paani yaliyopangwa kwa hesabu, hata jua kali la Misri lisiangukie karatasi. Vitabu navyo vimewekwa chini ya ngazi zenyewe, hivyo kwamba msomaji hatenganwi na kitabu kwa mwendo mrefu. Mtu aketiye ngazi ya juu awaona wote walio chini yake wakisoma, kila mmoja na lugha yake mbele yake, na kimya cha watu wengi namna ile ni jambo ambalo vyumba vidogo vya maktaba nyingi haviwezi kulileta. Hapa wasanifu walifahamu vema kwamba kusoma, ingawa hufanywa na mtu peke yake, ni kazi ya jamii.

Kuhusu bahari, hata hivyo, ramani iliahidi zaidi ya ilivyotimiza. Barabara kuu ya pwani, yenye magari mengi mchana na usiku, yapita kati ya jengo na maji. Paa linaiinamia bahari, lakini miguu ya msomaji haifiki huko ila kwa kuivuka barabara hiyo. Wasanifu hawakuikuta pwani tupu, na si haki kuwalaumu kwa barabara. Lakini picha zinazoonyesha duara likichomoza kama jua kutoka majini zimepigwa kwa uangalifu mwingi.

Sasa ukuta. Upande wa kusini umevikwa mawe ya granaiti ya kijivu kutoka Aswan, nayo yamechongwa alama za hati zipatazo 120 za wanadamu, kazi iliyobuniwa na wachongaji wa Kinorway Jorunn Sannes na Kristian Blystad wakishirikiana na wasanifu. Hauna madirisha, na uzito wake wapendeza. Jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu, kila mchongo hutoa kivuli chake, na mtu asiyejua kusoma hati yo yote husimama akitazama. Kwa ustadi wa mkono hapana la kulaumu.

Lakini ukuta huo hausemi neno. Zimechongwa herufi na alama moja moja, zimetawanywa, kubwa kwa ndogo, wala hazikuungana kuwa sentensi. Herufi iliyotolewa katika neno ni umbo tu, na umbo hilo halimwambii mtazamaji ni sauti gani lilikusudiwa kuishika. Ajabu ni kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kusomwa imejivika maandishi yasiyosomeka. Wajenzi wa zamani katika nchi nyingi za bahari walifanya vingine. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107; maua na mapambo yake ni mengi, lakini yasomwa, na kwa sababu yasomwa wanahistoria wanajua msikiti ule ulikuwapo tangu lini. Kadhalika milango ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 lililotazama bandari ya Unguja na baadaye likawa makumbusho, ilichongwa aya za Kurani. Mchongaji wa milango ile alitaka macho yapendezwe, na alitaka pia mtu aingiaye asome.

Yaweza kujibiwa kwamba ukuta wa Iskandaria haukusudiwi kusomwa, bali kuonyesha kwamba nyumba hii ni ya watu wote. Jibu hilo ndilo lenye hatari zaidi kwa mtu wa lugha. Hati si lugha. Lugha za duniani zahesabiwa kuwa kiasi cha 7,000, na zilizo nyingi mno hazina hati zilizozaliwa nazo; ama hazikuandikwa kamwe, ama ziliazima. Kiswahili ni mfano ulio karibu. Kwa karne nyingi kimeandikwa kwa hati za Kiarabu, zisizokuwa asili na alama za p, ch, g wala v, na zenye irabu tatu mahali ambapo Kiswahili chahitaji tano. Walimu wa pwani wakaongeza nukta, wakaazima alama za Kiajemi, na huko Mombasa, ambako t ni mbili, ya menoni na ya ufizini, wakatafuta njia ya kuzitenga. Kisha zikaja hati za Kirumi. Kazi hiyo ya kuiazima hati na kuipinda hata ikatumikia kinywa kingine ni miongoni mwa kazi kubwa za akili za mwanadamu, na Wayunani wenyewe waliifanya walipozichukua herufi za Wafoinike. Ukuta unaohesabu watu kwa maumbo ya herufi hauwezi kuionyesha hata kidogo. Mswahili akiutafuta Uswahili wake hapo ataona herufi za Waarabu na herufi za Warumi, na Mhausa vivyo hivyo. Lakini taifa dogo lililobuni alama zake lenyewe lina nafasi yake juani. Hesabu ya 120 yaonekana kubwa mpaka mtu aulize ni nani aliyeachwa nje.

Haifai kudhani kwamba wenyeji waliipenda nyumba hii kwa ajili ya ukuta. Mwezi wa Januari 2011, siku za machafuko mjini, vijana walishikana mikono wakalizunguka jengo kulilinda, na bendera ya Misri ikatandazwa katika ngazi zake. Walichokilinda kilikuwa ndani, ingawa rafu zilizotengenezwa kwa vitabu milioni 8 zilikuwa bado na nafasi tupu nyingi, hata baada ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kutoa vitabu 500,000 mwaka 2010.

Ndani pia ndimo unamopatikana usahihisho wa ukuta. Katika makumbusho ya miswada herufi zile zile zilizotawanywa nje zimerudi katika maneno, na maneno katika kurasa, pamoja na maelezo ya pembeni ya wasomaji waliokufa zamani. Katika makumbusho ya vitu vya kale mna sakafu ya vijiwe vya rangi iliyofukuliwa katika kiwanja chenyewe wakati wa matayarisho ya ujenzi: mbwa ameketi, ukanda mwekundu shingoni, na kando yake chombo cha shaba kilichopinduka. Hapana herufi hata moja juu yake, na kila apitaye hufahamu kwamba mbwa huyo ndiye aliyekipindua.