Kuchagua Kanzidata ya Chesi Pasipo Intaneti ya Uhakika

Kanzidata ya chesi ni programu inayohifadhi michezo iliyokwisha kuchezwa na kumwezesha mtu kuitafuta kwa jina la mchezaji, kwa aina ya ufunguzi au kwa mpangilio wa kete ubaoni. Yenyewe haichezi. Kupima nani ana nafasi nzuri ni kazi ya injini, kama Stockfish, ambayo huunganishwa na kanzidata lakini ni kitu kingine kabisa. ChessBase, iliyotoka Hamburg mwaka 1987, ndiyo iliyowazoesha mabingwa kujiandaa kwa njia hii, na hadi leo inauzwa kwa bei ambayo klabu ya shule haiimudu kirahisi. Zipo hata hivyo programu za bure zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Katika kaunti ya Turkana, nchini Kenya, suala hili la kuchagua programu lina uzito wake. Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, tangu 2021 imekuwa na mpango wa chesi unaoendeshwa na Shirikisho la Chesi Duniani, FIDE, pamoja na UNHCR. Lodwar, makao makuu ya kaunti, iko umbali wa kilomita zipatazo 120. Katika ukanda huu umeme hauaminiki kila mahali, na bando likiisha limeisha. Kwa hiyo idadi ya michezo iliyomo kwenye programu si kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza ni kama programu itafunguka siku ambayo mtandao haupo.

Kwa kipimo hicho Lichess, tovuti iliyoanzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010, inabaki kuwa msaidizi tu. Ni bure, haina matangazo, na hazina yake ya funguzi ina michezo ya mabingwa na ya wachezaji wa kawaida pia. Lakini bila intaneti hazina hiyo haifunguki.

Scid inafaa zaidi. Iliandikwa na Shane Hudson wa New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1990, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tawi lake linaloitwa Scid vs. PC lina sura iliyopangwa vizuri kidogo, ingawa zote mbili zinaonekana kama programu za zamani, na mtumiaji mpya hupotea kwenye menyu zake. Huo ndio ubaya wake mkubwa. Faida ni kwamba zinafanya kazi vizuri kwenye kompyuta kuukuu, ziwe za Windows au Linux, nazo kompyuta za msaada mashuleni mara nyingi ndizo hizo. ChessX ni nyepesi kueleweka ila ina uwezo mdogo wa kutafuta. En Croissant ni mpya na inapendeza macho. Asiye na kompyuta anaweza kuweka DroidFish kwenye simu ya Android: inasoma faili za michezo na ina Stockfish ndani yake.

Programu tupu haina kazi bila michezo. Mark Crowther amekuwa akikusanya michezo ya mashindano makubwa tangu 1994 katika toleo la kila wiki liitwalo The Week in Chess, na faili ya wiki moja ni ndogo kiasi cha kupakuliwa kwa simu. Lichess nayo hutoa michezo yake yote bure, lakini faili ya mwezi mmoja ina michezo ya makumi ya mamilioni na hupita gigabaiti 20 hata ikiwa imebanwa. Kuipakua kwa bando ni kutupa pesa.

Matumizi yenyewe yanaonekana vizuri katika shambulio linalowaliza wanaoanza kote duniani: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Farasi na askofu wa mweupe wote wanakitazama kisanduku cha f7. Mweusi hujibu 4...d5, mweupe anakula 5.exd5, na anayeanza hurudisha papo hapo kwa 5...Nxd5. Hapo mweupe ana 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+, na mfalme analazimika kutoka hadi e6, katikati ya ubao, ili amlinde farasi wake. Waitaliano huliita shambulio hili Fegatello.

Katika Scid hatua hizo huchezwa ubaoni, kisha hufunguliwa dirisha la mti. Mti huorodhesha kila jibu la mweusi lililowahi kuchezwa, limechezwa mara ngapi, na lilileta alama kiasi gani. Baada ya 5.exd5 huonekana mara moja kwamba mabingwa wengi huchagua 5...Na5, wakikubali kupoteza askari mmoja baada ya 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 ili kete zao zitoke haraka. Utafutaji wa mpangilio huikamata pia michezo iliyofika pale pale kwa njia nyingine, kwa mfano iliyoanza na 2.Bc4, jambo ambalo kutafuta kwa mfuatano wa hatua hakuliwezi.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Asilimia inayoonyeshwa ni ya mweupe hata pale zamu ikiwa ya mweusi, na wengi huisoma kinyume. Pia asilimia iliyotokana na michezo minne haina maana yoyote, hata ikiwa mia. Baada ya mti, kazi iliyobaki ni kuchagua michezo mitano au sita na kuisoma hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa. Injini hufanyisha kichakataji chote kazi, na kwenye joto la Lodwar betri haitadumu. Lililo zito zaidi ni kwamba jibu la injini likitangulia, msomaji haangalii tena.

Michezo ya klabu yenyewe haimo katika faili yoyote ya kupakua. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa katika orodha ya FIDE ni 1400, na wanafunzi wengi hawajafika kwenye orodha hiyo. Karatasi zao za kuandikia hatua ndizo zinazostahili kuingizwa kwanza, kwa sababu humo ndimo yalimo makosa yanayojirudia. Muundo unaotumika ni PGN, uliobuniwa na Steven Edwards mwaka 1993: maandishi ya kawaida yanayosomeka na programu yoyote, yakitanguliwa na mistari saba yenye mashindano, mahali, tarehe, raundi, mweupe, mweusi na matokeo. Jina liandikwe kwa namna moja tu. Mchezaji aliyeandikwa Ekai leo na Ekaai kesho ni watu wawili kwa kompyuta, na kila mmoja atakuwa na nusu ya historia.

Kanzidata ya Scid ya muundo wa zamani ni faili tatu zinazotegemeana, na anayenakili moja tu amenakili hewa. Akiba ifanywe kwa PGN kila mwezi, kwenye flashi mbili: moja ikae Kakuma, nyingine Lodwar.