Mpaka wa Wimbo wa Dini

Mwaka 1956 Sam Cooke wa Marekani, mwimbaji wa kundi la injili la Soul Stirrers, aliugeuza wimbo wa dini "Wonderful" kuwa wa mapenzi, "Lovable", ukatolewa kwa jina la Dale Cook. Jina halikumficha; sauti yake ilijulikana. Wanaowalaumu waimbaji wetu wa injili kwa kufuata njia hiyo husikiliza midundo tu, nadhani, wakaiacha sarufi. Mtungaji wa Kiingereza hubadili kiwakilishi, maana "yeye" wa kiume si wa kike. Kiswahili hakidai hivyo: "nampenda" humfaa Mungu, mume na mke sawia. Kwetu mpaka umo katika unyambuaji: "mpendwa" husikika kanisani, "mpenzi" katika dansi, ingawa shina ni moja.